Mkono Mmoja Haulei Mwana

Hotuba ya Kamati ya Elimu na Afya mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Sisi wa Kamati ya Elimu na Afya twatoa shukrani kwa kupewa nafasi hii. Hesabu za misaada ya masomo zimechapishwa mahali pake katika kitabu hiki, kwa hiyo hatutazirudia. Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja, nalo ni hili: wale wanaowafundisha vijana wetu kazi za hospitali na kazi za ustawi wa jamii yawapasa wao wenyewe, walimu, wakae pamoja na kujifunza mmoja kwa mwenzake.

Huenda mzee akauliza: mambo ya walimu wa vyuo yatuhusu nini sisi wenye kuchanga fedha za misiba na karo? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, fedha hizo husomesha vijana: huyu anasomea uuguzi, yule uafisa wa kliniki, mwingine maabara, mwingine kazi ya ustawi wa jamii. Ni haki yetu kujua wanafundishwaje. Pili, sisi ndio tunaougua na kuuguza. Wataalamu wasiposikilizana, hasara haiwafikii wao kwanza. Yatufikia sisi, wake zetu na watoto wetu. Ili jambo hili lisionekane kuwa maneno ya vitabuni tu, twaomba ruhusa tueleze habari ya mtoto mmoja wa Kiafrika.

Mtoto aliyepita mikononi mwa wengi

Victoria Climbié alizaliwa mwaka 1991 karibu na mji wa Abidjan, katika nchi ya Kodivaa, Afrika ya Magharibi. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ili ampeleke Ulaya akapate elimu. Hakuna mzazi katika mkutano huu atakayelistaajabia jambo hilo. Ni desturi yetu pia kumtia mtoto mikononi mwa jamaa mwenye uwezo, na wengi wetu tulisomeshwa kwa njia hiyo hiyo. Mtoto na mlezi wake walikaa Ufaransa kwa muda, kisha wakafika London mwezi wa Aprili 1999. Tarehe 25 Februari 2000 mtoto yule alikufa, umri wake miaka 8. Mwili wake ulipochunguzwa zilihesabiwa alama 128 za majeraha. Shangazi yule, pamoja na mwanamume aliyekuwa akikaa naye, walipatikana na hatia ya mauaji mwezi wa Januari 2001.

Serikali ya Uingereza ilimteua Lord Laming aichunguze habari yote, na ripoti yake ikatolewa Januari 2003. Jambo lililowatia watu uchungu mkubwa ni kwamba mtoto huyo hakufa akiwa amefichwa. Katika muda wa miezi kumi hivi habari zake zilifika katika idara nne za ustawi wa jamii na kwa vikosi viwili vya polisi wa kulinda watoto. Mwenyewe alilazwa katika hospitali mbili. Watu wengi waliosoma kazi zao na kupata vyeti walimwona au walisoma jina lake. Twaomba mtazame mambo matatu tu kati ya mengi yaliyoelezwa katika uchunguzi huo.

La kwanza. Alipolazwa mwezi wa Julai 1999, daktari mmoja alishuku kwamba mtoto anateswa, na polisi na maofisa wa ustawi wa jamii wakaarifiwa. Kisha daktari mwenye cheo kikubwa zaidi akaamua kwamba alama zile ni za upele. Neno hilo moja likatosha kulizima jambo. Watu wa idara nyingine waliona kwamba daktari amekwisha kusema, basi hakuna la kuuliza.

La pili. Siku chache baadaye alilazwa katika hospitali nyingine kwa sababu ya kuungua kwa maji ya moto. Huko wauguzi waliziona alama mwilini mwake walipomwogesha, na waliona jinsi alivyojawa na hofu mlezi wake alipokuja. Lakini si yote waliyoyaona yaliyoandikwa katika karatasi za mgonjwa. Daktari naye aliandika kwamba mtoto aweza kuruhusiwa kutoka. Alipoulizwa baadaye, alieleza kwamba alikusudia afya ya mwili tu, akitumaini kwamba wengine wataichunguza hali ya nyumbani kwanza. Walioyasoma maneno yale waliyafahamu kwa njia nyingine: kwamba hospitali haina wasiwasi tena. Mtoto akarudishwa kwa mlezi wake.

La tatu. Afisa wa ustawi wa jamii na afisa wa polisi walighairi kwenda kuitazama nyumba alimokaa mtoto, kwa hofu ya kuambukizwa upele. Ndugu wanachama, upele ni ugonjwa ambao muuguzi yeyote angaliweza kuwaeleza kwa dakika tano jinsi unavyoambukiza na jinsi unavyotibiwa kwa urahisi. Kuuliza si ujinga, lakini swali hilo dogo halikuulizwa.

Hatutaki kuyarahisisha mambo. Lord Laming aliwalaumu sana wakubwa wa idara, ambao waliacha kazi iende ovyo na baadaye wakasema hawakujua. Kujifunza pamoja peke yake kusingaliyaponya hayo yote. Hata hivyo, miongoni mwa mapendekezo yake 108 limo moja lihusulo moja kwa moja jambo letu la leo. Alitaka vyama na mabaraza yanayosimamia mafunzo ya madaktari, wauguzi, walimu, polisi, maofisa wa nyumba na maofisa wa ustawi wa jamii yaonyeshe wazi kwamba kufanya kazi pamoja ni sehemu ya mafunzo hayo. Yaani aliufuata mzizi wa jambo hata nyuma ya hospitali na ofisi, akaukuta chuoni.

Kujifunza pamoja ni nini

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti juu ya jambo hili mwaka 1988, na tena mwaka 2010 likatoa mwongozo. Maana iliyotolewa ni hii, kwa maneno yetu: wanafunzi wa kazi mbili au zaidi hujifunza kila mmoja habari za mwenzake, hujifunza kutoka kwa mwenzake, na hujifunza pamoja naye, ili waweze kushirikiana na mgonjwa apate nafuu. Huko Uingereza kiliundwa mwaka 1987 kituo maalumu cha kuendeleza mafunzo ya namna hiyo, kijulikanacho kwa jina la CAIPE.

Twaomba mwangalie kwamba kukaa chini ya paa moja si kujifunza pamoja. Wanafunzi mia mbili wa kazi mbalimbali waweza kukaa katika ukumbi mmoja wakisikiliza somo la damu na mifupa, kisha kila mmoja akaenda zake bila kumjua jirani yake. Hao wamesikia sauti moja tu. Kujifunza pamoja huanza pale mwanafunzi wa udaktari anapomwambia wa uuguzi, "Nieleze wewe unaona nini ambacho mimi sikioni," akangoja jibu.

Na ni nani atakayewafundisha vijana kuulizana hivyo? Hapo ndipo penye shida. Mwalimu wa wauguzi alifundishwa na wauguzi, mwalimu wa madaktari alifundishwa na madaktari, na mwalimu wa maofisa wa ustawi wa jamii mara nyingi anafanya kazi katika chuo kingine kabisa, chenye vitabu vingine na lugha nyingine. Kila mmoja ni hodari katika nyumba yake. Akipewa darasa la vijana wa kazi nne atawafundisha kama alivyozoea, na wale watatu wasio wa nyumba yake watajiona wageni. Kwa sababu hiyo kujifunza kwa pamoja hakuna budi kuanza kwa walimu.

Tuseme, kwa mfano, walimu watano wameketi katika chumba kimoja. Wanapewa habari ya mzee aliyepatwa na kiharusi, ambaye amekaa hospitali majuma matatu. Wanaulizwa swali moja: je, mzee huyu yuko tayari kwenda nyumbani? Kila mwalimu aandike jibu lake peke yake, kisha yasomwe yote kwa sauti. Mwalimu wa madaktari ameandika ndiyo, maana shinikizo la damu limeshuka. Mwalimu wa wauguzi ameandika bado, maana mgongo una vidonda na hakuna mtu aliyefundishwa kumgeuza. Mwalimu wa mazoezi ya viungo ameandika kwamba aweza kusimama akishika mkongojo, lakini hawezi kupanda ngazi. Mwalimu wa wafamasia ameuliza ni nani atakayempa vidonge vya namna tano, kwa kuwa mzee hajui kusoma. Mwalimu wa maofisa wa ustawi wa jamii ameandika kwamba mzee hukaa peke yake katika chumba cha juu, maji yako chini, na mwanawe yuko safarini.

Hapana hata mmoja aliyekosea. Lakini neno walilopewa, "tayari", limegeuka kuwa maneno matano. Walimu wakiligundua jambo hilo katika chumba chao, watajua namna ya kuwaongoza vijana walione kabla ya kukabidhiwa maisha ya watu. Wasipoligundua wao, vijana wataligundua wodini, na atakayelipa gharama ya somo hilo ni mgonjwa. Ndivyo lilivyokuwa neno la kuruhusiwa kutoka katika habari ya Victoria: mmoja aliliandika kwa maana yake, mwingine akalisoma kwa maana yake.

Mahali palipojaribiwa

Jambo hili si ndoto. Katika mji wa Linköping, nchini Uswidi, chuo kikuu kilianza mwaka 1986 kuwafundisha pamoja wanafunzi wa udaktari na wa kazi nyingine za afya. Mwaka 1996 ilifunguliwa huko wodi ya mafunzo, ambamo wanafunzi wa udaktari, uuguzi na kazi za kuwarudishia wagonjwa nguvu za viungo huwatunza wagonjwa halisi kwa pamoja, na walimu wa kazi zote wakiwasimamia. Katika wodi kama hiyo walimu nao hawana pa kujificha: hawana budi kupatana wao kwa wao asubuhi, kabla ya wanafunzi kufika.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha sayansi za afya huko Eldoret mwaka 1988, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1990. Chuo hicho kilifanya urafiki na Linköping, wanafunzi na walimu wakatembeleana. Tangu mwanzo kiliweka mafunzo yafanywayo vijijini na katika vituo vya afya, ambako mwanafunzi hujifunza kutazama visima, vyoo, chakula na nyumba za watu, wala si ugonjwa peke yake. Mwalimu anayemfuata mwanafunzi wake hadi kijijini hukutana na chifu, mkunga, afisa wa afya na wazee. Huko hujifunza hata asipokusudia.

Huko huko Eldoret, mwaka 2001, ulianzishwa mpango wa AMPATH wa kuwatunza wenye virusi vya UKIMWI, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya mafunzo, na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Watu wa mpango huo waliona kwamba dawa peke yake haimwinui mtu mwenye njaa. Basi pamoja na madaktari na wauguzi waliwekwa wataalamu wa lishe na maofisa wa ustawi wa jamii, na yakalimwa mashamba ili wagonjwa wapate chakula. Katika kazi ya namna hiyo daktari hujifunza kwa mkulima, na afisa wa ustawi wa jamii hujifunza habari za dawa, maana mgonjwa ni mmoja.

Tena sheria za nchi sasa zaelekea huko. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ya Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kwenda nyumba kwa nyumba. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka huo huo ilitaja vikundi vya wataalamu wa kazi mbalimbali watakaofanya kazi pamoja katika mitandao ya vituo vya afya. Sheria yaweza kuwaweka watu katika kikundi kimoja, lakini haiwezi kuwafundisha kusikilizana. Kazi hiyo imebaki kwa vyuo.

Mashaka yanayosemwa

Kamati yenu imeyasikia mashaka kadhaa, na si haki kuyanyamazia.

Wako wasemao kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Je, kila mtu akisema wodini, nani ataamua? Twajibu kwamba hatutaki manahodha wengi. Twataka nahodha anayemsikia baharia akisema kwamba maji yanaingia. Uamuzi waweza kubaki kwa mmoja, lakini asiamue akiwa hajasikia. Muuguzi aliyeona alama mgongoni mwa mtoto asidhani kwamba si kazi yake kusema, na daktari asidhani kwamba hakuna aliyeona ila yeye.

Wengine wasema kwamba kazi zitachanganyika, kijana asijue tena yeye ni nani. Sisi twaona kinyume chake. Mtu huijua kazi yake vizuri zaidi anapotakiwa kumweleza mwenziwe asiyeijua.

Wengine tena wasema kwamba muda hautoshi. Shaka hiyo ni ya kweli. Kila kazi ina baraza lake la kisheria, mitihani yake na ratiba yake, na mwalimu ana vipindi vingi kuliko siku za juma. Mabadiliko haya hayatakuja kwa hiari ya walimu wachache wenye moyo. Wakuu wa vyuo hawana budi kutenga saa maalumu kwa ajili yake, na mabaraza hayana budi kuyahesabu kuwa ni kazi, si hisani.

Na liko shaka lisilosemwa hadharani, nalo ni cheo. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwalimu aliyezoea kuitwa mkubwa huona vigumu kuketi na kujifunza kwa mtu ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko wake. Wazee wetu walijua kwamba neno la maana laweza kutoka kwa mtu yeyote aliyeketi barazani. Twadhani hekima hiyo ya wazee yaweza kuwafaa hata wenye shahada.

Yatupasayo sisi

Ndugu wanachama, Kamati yenu yaleta mbele ya mkutano huu mambo matatu.

La kwanza ni kwamba Chama kiviandikie kwa adabu vyuo wanakosoma vijana wetu, kikiuliza: je, walimu wa kazi mbalimbali hukutana ili kujifunza kwa pamoja? Mara ngapi katika mwaka? Je, walimu wa ustawi wa jamii huitwa? Barua ya mlipa karo husomwa.

La pili ni kwamba vijana tunaowasaidia, wa uuguzi, wa kliniki, wa maabara, wa ualimu na wa ustawi wa jamii, waitwe siku moja katika kila likizo waketi pamoja mbele ya wazee, wazungumze juu ya shida ya nyumba moja isiyotajwa jina. Hilo halina gharama ila chai. Na kama walimu wao watakubali kuja, tutawakaribisha.

La tatu ni kwamba kamati yetu ya kuwatembelea wagonjwa ijitolee kwenda vyuoni kusema mbele ya walimu yale inayoyaona. Wako akina mama humu ambao wameuguza miaka mingi. Wao wanajua kinachotokea siku ya tatu baada ya mgonjwa kurudishwa nyumbani, jambo ambalo si daktari wala muuguzi hulishuhudia mara nyingi. Elimu hiyo isikae bure.

Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Habari ya Victoria yatufundisha kwamba hata mikono mingi haitoshi ikiwa kila mmoja hufanya kazi bila kujua mwingine unashika nini. Alikuwa na daktari, muuguzi, polisi na afisa wa ustawi wa jamii, katika mji tajiri. Sisi tusio na wataalamu wengi hivyo hatuwezi kumudu hasara ya kuwa na wachache wasiosikilizana.

Twaomba, Bwana Mwenyekiti, mambo hayo matatu yajadiliwe leo, na kama mkutano utayakubali, barua ya kwanza iandikwe kabla ya muhula ujao kuanza.